Sauti ya Nne Katika Ukungu

"Mlimani kila mtu huitika kwa kinywa chake." Methali hiyo nimeisema sasa hivi nikiita majina yenu kabla hatujapanda, mkacheka, na huyu mwenye kofia nyekundu akauliza ni ya wahenga gani. Si ya wahenga, mwanangu. Mwanzo wake naujua kwa sababu nilikuwepo. Endeleeni kufunga viatu, masikio yanatosha.

Tulikuwa marafiki wanne tuliosoma pamoja: mimi Tusekile, Subilaga, Gwakisa na Ambakisye. Ambakisye alikuwa mtu wa usingizi. Asubuhi mwalimu wa zamu alipoita majina, yeye alikuwa bado amejifunika blanketi bwenini. Basi mimi, msichana niliyesimama safu ya nyuma, nilikaza koo nikatoa sauti nzito ya kiume: "Nipo!" Mwalimu akaweka alama yake, mambo yakaisha. Miaka miwili nilimwitikia hivyo, wala hakuchapwa hata siku moja. Naye alinifundisha hesabu mpaka nikafaulu. Tuliona huo ndio urafiki, na mpaka leo siwezi kusema haukuwa urafiki.

Tulipovuka miaka thelathini, kila mmoja na kazi yake, tukakubaliana kutembea kwa miguu siku tatu, kutoka uwanda wa Kitulo, kuvuka milima, hadi Matema ziwani. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Chaula, Mkinga aliyeijua njia ile tangu ujana wake. Alikuwa na desturi moja tu aliyoishikilia kama sala. Ukungu ukishuka, alitangulia mbele, na kila baada ya mwendo mfupi aliita majina yetu, mmoja mmoja. Sauti moja ikikosekana, wote husimama pale pale mpaka mwenye sauti apatikane.

Siku ya kwanza ilikuwa ya maua na vicheko. Siku ya pili, baada ya saa nane mchana, ukungu ulitufunika hata nikawa simwoni Subilaga aliyekuwa hatua tano mbele yangu. Ambakisye alikuwa wa mwisho, nyuma yangu. Kiatu kilikuwa kimemchubua kisigino, na mara tatu tulisimama kumngoja.

"Bwana wee," Gwakisa alifoka mara ya tatu, meno yakigongana kwa baridi, "tugande hapa kwa ajili ya kisigino chako?"

Ambakisye aliinama akarekebisha kiatu. Nilimwonea huruma sana.

Tulivuka kijito kimoja chenye mawe ya utelezi. Mbele kidogo Mzee Chaula akaanza kuita. Gwakisa akaitika, Subilaga akaitika, nami nikaitika.

"Ambakisye!"

Kimya. Niligeuka, nikaona ukungu tu. Muda mfupi uliopita nilikuwa nimesikia fimbo yake ikigonga mawe, kwa hiyo nikajiambia ameinama kurekebisha kiatu, na Gwakisa ataanza tena maneno yake. Nikakaza koo.

"Nipo!"

Subilaga alicheka kidogo mbele yangu. Nadhani aliikumbuka sauti ile. Tukaendelea. Mzee alipoita tena, Ambakisye alikuwa hajanifikia, nami nikaitika mara ya pili. Ile ya kwanza niliitika kwa huruma. Ya pili niliitika kwa kuogopa kuumbuka.

Jua likikaribia kuzama tulifika kwenye kibanda cha wachungaji. Mzee Chaula alisimama mlangoni akatutazama nyuso.

"Wa nne yuko wapi?"

"Yuko nyuma yangu," nikasema.

"Nyuma yako hakuna mtu. Na ameitika mara mbili."

"Ni mimi, baba. Mimi nimemwitikia."

Hakunifokea. Alishachukua fimbo yake. "Tangu wapi?"

"Tangu kijitoni."

"Laiti ungenyamaza, binti yangu," alisema. "Kimya chake kingenisimamisha."

Tulirudi tukiita mpaka giza likatufungia njia. Kulipopambazuka tulimkuta chini ya ukingo wa kijito, mguu umevunjika, nguo zimelowa, midomo imebadilika rangi. Nilipiga magoti nikamshika mikono.

"Nilimsikia Mzee akiniita kwenye ukungu," alisema polepole. "Niliitika, sauti ikawa haitoki vizuri. Halafu nikasikia wewe umeniitikia. Nikajua hamtasimama."

"Nisamehe, Ambakisye."

"Ulizoea, Tuse. Hata mimi nilikuzoeza."

Alisema bila lawama, na hilo ndilo lililonikata maini. Tulifunga blanketi kwenye miti miwili kama machela, tukamlaza, tukashuka naye. Alifariki mchana ule, ziwa likiwa tayari linaonekana chini yetu.

Kwenye mazishi Mzee Chaula alikuja kwa miguu. Akaomba tuliotembea na marehemu tusimame kando ya kaburi, kwa kuwa safari aliyoianza kwa kuita majina lazima aimalize kwa kuita majina.

"Gwakisa!"

"Nipo." Alikuwa analia kwa sauti.

"Subilaga!"

"Nipo."

"Tusekile!"

"Nipo."

"Ambakisye!"

Wanangu, koo langu lilijikaza lenyewe, kwa mazoea. Nikaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mzee alisubiri. Alisubiri kama ambavyo angesubiri siku ile kijitoni, mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akawageukia waombolezaji akasema maneno yale mliyoyacheka, na watu wakaondoka nayo makwao.

Haya, simameni. Ukungu unashuka, nami nitaanza kuita. Ukimwona mwenzako amenyamaza, usimhurumie kwa sauti yako. Mwache anyamaze, tusimame, tumtafute. Mlimani kila mtu huitika kwa kinywa chake.