Malkia Ndani ya Ndevu za Mihambo

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo pakawa gani? Mmekula ugali wote ule halafu mnaniitikia kama wagonjwa? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Na wewe uliyeegemea mlango, kaa chini. Hadithi hii ina nyuki.

Zamani hizo, kale ya kale, palikuwa na kijiji kando ya msitu wa miyombo. Watu wake walikuwa warina asali. Na katika kijiji hicho aliishi bibi mmoja, jina lake Nyamizi. Mfupi, mkavu, meno mawili tu kinywani, na maneno ya kumtosha mwenye meno yote. Nyuki walimjua. Watu walimjua zaidi.

Bibi Nyamizi alikuwa na mtoto wa kaka yake, akiitwa Mihambo. Mihambo alikuwa na vitu vitatu vya kujivunia: sauti, ndevu na binti. Sauti yake ilisikika ng'ambo ya mto. Ndevu zake zilimfika kifuani, na alizipaka mafuta asubuhi na jioni. Binti yake aliitwa Kalunde, na Kalunde ndiye mwenye kisa chetu.

Sasa akaja mposaji. Mposaji gani? Shilinde, wa kijiji cha pili. Mzee, jamani! Alikuwa amecheza bao na babu yake Kalunde walipokuwa vijana. Akipiga hatua, kohu! Akipiga nyingine, kohu! Lakini msitu mzima ulijaa mizinga yake. Akasema, "Nipeni Kalunde, nami nitatoa mzinga ulio hai, nyuki ndani, asali ndani." Na desturi yao ilikuwa hivi: mzinga wa posa ukishatundikwa nyumbani kwa binti, basi, binti kaolewa.

Mihambo akamwita binti yake. Akamuuliza kwa sauti ile ile ya ng'ambo ya mto, "Kalunde! Unamkubali Shilinde?"

Kalunde akatazama chini. Alitaka kusema hapana. Lakini nani aliwahi kumwambia Mihambo hapana? Akanyamaza.

"Kanyamaza!" Mihambo akapiga makofi. "Kanyamaza, kakubali! Ndivyo anavyokubali binti mwenye adabu."

Na kweli kijijini ilikuwa hivyo. Binti akiulizwa akanyamaza, amekubali, na hakuna aliyerudia kuuliza. Bibi Nyamizi angerudia, maana kumuuliza binti ni kazi ya shangazi na bibi. Lakini Mihambo alichagua siku ambayo bibi yuko msituni anarina. Mjanja huyo, msimwone hivi!

Siku ya kuhamisha mzinga ikafika upesi, bibi hajaambiwa lolote. Kila mrina asali anajua kwamba mzinga huhamishwa jua likishazama, nyuki wote wakiwa ndani wametulia. Mihambo naye alijua. Lakini jua likizama, nani atamwona? Yeye alitaka aonekane! Wakaondoka mchana kweupe. Shilinde mbele na fimbo yake, kohu, kohu. Mihambo katikati, mzinga begani, mdomo wa mzinga umezibwa kwa majani. Kalunde nyuma, ameshika kijinga kinachofuka moshi wa kuwatuliza nyuki, machozi yanamtiririka.

"Unalia nini?" baba yake akauliza.

"Moshi, baba."

Walipoingia kijijini watu wakatoka kutazama. Mihambo akautua mzinga chini, tii!

"Njooni muone posa ya binti yangu! Asali imejaa mpaka hapa!"

"Baba, usifungue," Kalunde akasema kwa sauti ndogo. "Jua kali, watatoka."

"Nani kakuuliza wewe?"

Akafungua ufuniko. Akatia kidole, akalamba. Mmh, tamu! Akatia mkono mzima, mpaka kwenye kiwiko.

Vuuuuuu!

Nyuki wakatoka wote kwa pamoja. Bahati ya Mihambo ni moja tu: walikuwa wamevuta moshi njia nzima, na nyuki akivuta moshi hujaza tumbo asali, akawa mzito wa kuuma. Lakini nani alingoja kujua hilo? Watu wakatawanyika, huyu kaingia jikoni, yule kaingia zizini. Na Shilinde, yule mzee wa kukohoa! Alitupa fimbo, akaacha kiatu kimoja, akatoka mbio kama swala. Mpaka anapotea kule bondeni, hakukohoa hata mara moja.

Na Mihambo je? Nyuki mmoja akatua kwenye ndevu zake. Wakatua kumi. Wakatua mia. Kidevu kikafunikwa, mashavu yakafunikwa, mdomo ukafunikwa. Zile ndevu za kifuani zikawa ndevu za kitovuni, na zilikuwa zinatembea.

Kalunde akabaki amesimama na kijinga chake. Akawaza: nikikaa hivi hivi bila kufanya kitu, nyuki wataondoka zao, mzinga utabaki mtupu, na posa itakufa. Alikuwa na hasira na baba yake, hasira ya kweli kweli. Lakini akayaona macho yake juu ya wale nyuki. Yalikuwa yanamwomba. Akatupa kijinga, akakimbia kwenda kumwita bibi.

Bibi Nyamizi akaja polepole, unyoya wa kuku mkono mmoja, kipande cha tete lililo wazi ndani mkono mwingine. Njiani Kalunde alikuwa amemweleza yote, ya nyuki na ya Shilinde. Bibi akamzunguka Mihambo. Akamtazama kulia. Akamtazama kushoto.

"Mwanangu," akasema, "leo umependeza."

"Mmm!"

"Shh! Ukifumbua mdomo wataingia, na huko ndani mimi sina mkono wa kufika. Sikiliza. Ulipotia mkono, malkia wao alitoka. Katafuta penye giza, kaona ndevu zako. Palipo malkia, wote wapo. Hawakutaki wewe, wanamtaka yeye. Usimpige, usimfukuze. Akifa huyo, hawa wote watachanganyikiwa, nao wako usoni kwako. Simama kama mti, nitamtoa."

Mihambo akasimama kama mti. Watu wakaanza kutoka mafichoni, mmoja mmoja.

"Lakini kwanza," bibi akasema, akaketi juu ya gogo, akanyoosha miguu, "nina maswali machache."

Macho ya Mihambo yakatoka.

"Mbuzi wangu jike mwenye mabaka, yule uliyesema umemzaa zizini kwako. Samahani, aliyezaliwa zizini kwako. Je, ni wangu?"

Kimya. Vuuu, vuuu, nyuki tu.

"Jamani, mmesikia?"

Watu wakatazamana. Kisha mama mmoja akaangua kicheko: "Kanyamaza, kakubali!"

"Vizuri. Na jogoo wangu mwekundu, uliyesema kaliwa na kicheche. Kicheche huyo ana ndevu?"

Kimya. Jasho likamtoka Mihambo, tone, tone.

"Kanyamaza, kakubali!" kijiji kizima kikaitikia. Wazee walijishika mbavu. Watoto waligaagaa chini.

Bibi Nyamizi akainuka kwenye gogo. Sasa hakucheka.

"La mwisho. Mzinga huu urudi kwa Shilinde, na Kalunde asiolewe naye. Unakubali?"

Mihambo akafura. Akavuta pumzi ya kupiga ukelele. Nyuki mmoja akatembea polepole juu ya mdomo wake wa juu, akachungulia tundu la pua. Mihambo akairudisha ile pumzi ndani.

"Kanyamaza, kakubali!"

Kalunde peke yake hakuitikia. Alikuwa ameshika kanga yake kifuani kwa mikono miwili.

Basi bibi akaanza kazi. Akawapangua nyuki kwa unyoya, taratibu, kama anayemchana mtoto nywele. Hapa hayupo. Hapa hayupo. Aha! Huyu hapa, karibu na shingo: tumbo refu linalong'aa, mabawa mafupi, mwendo wa mwenye nyumba. Hakumbana. Malkia habanwi tumbo, ukimbana umemaliza ukoo mzima. Alimwekea kidole mbele, akangoja. Malkia akapanda mwenyewe. Bibi akamwingiza ndani ya tete, akaziba kwa majani laini ili harufu yake ipite, akaliweka tete ndani ya mzinga, katikati ya masega. Akarudisha ufuniko, akaacha tundu la mlango tu.

Nyuki wachache wakamfuata. Wakasimama mlangoni, wakainua mikia juu, wakapepea mabawa, fiii, wakiwaita wenzao: yuko huku, yuko huku! Na wenzao wakaitika. Wakashuka kutoka kwenye ndevu, wakaingia ndani foleni kwa foleni, mpaka uso wa Mihambo ukaonekana tena.

Neno lake la kwanza likasikika ng'ambo ya mto.

"Sikukubali! Sikukubali hata moja!"

"Ulinyamaza," bibi akasema.

"Shangazi! Nilikuwa na nyuki mdomoni!"

"Ee. Na Kalunde, ulipomuuliza, alikuwa na nini mdomoni?"

Mihambo akamgeukia binti yake.

"Mke mwenzangu," bibi akamwambia mjukuu wake Kalunde, "sasa nakuuliza mimi, kama ulivyopaswa kuulizwa siku ile. Wala sina haraka."

Kalunde akamtazama baba yake usoni, akasema, "Nilikuwa nakuogopa, baba. Simtaki Shilinde. Sikumtaka siku ile, na leo simtaki."

Mihambo akaketi pale pale chini, vumbini, na ndevu zake zinazonata asali. Alikaa sana. Mwisho kijana mmoja akaropoka kutoka nyuma, "Kanyamaza, kak—"

"Ngoja!" Mihambo akainua mkono. Na sauti yake, kwa mara ya kwanza, haikuvuka hata ua. "Hili msinisemee. Nalisema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mzinga urudi. Binti yangu haolewi."

Kalunde akalia, na mara hii hakusingizia moshi.

Jua lilipozama, mzinga ukarudishwa kwa Shilinde. Aliubeba Mihambo mwenyewe, na hakufungua kitu. Tangu siku hiyo, katika kijiji kile, binti akiulizwa akanyamaza, watu wanasubiri. Wanamtuma bibi yake amuulize tena, wakiwa wawili tu, kwa sauti ya kawaida.

Basi, wanangu, mafunzo ni haya: aliyenyamaza mbele yako hajakubali. Tazama kwanza ni nini kimemziba mdomo, na kama ni wewe, jitoe.

Hadithi yangu inakomea hapo. Nipeni maji ninywe.