Ngoma Iliyofunikwa Mkeka

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa ngoma, tusogee tuisikie.

Basi sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa. Mwenye usingizi akalale, aamke na heri.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuvuna kama sisi, palikuwa na kikundi cha ngoma katika nchi ya Mikwajuni. Kiongozi wake alikuwa Digidigi, mdogo wa mwili, mzito wa mkono. Alipoipiga ngoma kuu, mtoto aliyenuna alicheka na wagomvi walisahau walichokuwa wakigombania. Mkewe, Bi Digidigi, ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Ikafika siku, Mungu akamchukua Digidigi. Walipokuwa wakimsindikiza kaburini, ngozi ya ngoma kuu ikapasuka. Ilikuwa imezeeka. Ikalia pwaa, kisha kimya.

Sasa, desturi ya Mikwajuni ilikuwa hivi: msiba huondolewa kwa ngoma kuu. Isipolia, matanga hayavunjwi, marehemu hukwama katikati ya njia, na mjane hulala kwenye jamvi la kilio. Tena, ngoma iliyopasuka hufunikwa mkeka, watu wasiione aibu yake.

Bi Digidigi akaifunika ngoma, akalia. Alipokwisha kulia, akasali. Alipokwisha kusali, akasimama.

"Mume wangu hatabaki katikati ya njia," akawaambia wenzake wa kikundi. "Nakwenda kwa wakubwa kutuombea ngozi."

Akaenda, akaenda, akaenda, akafika kwa Fisi, mwenye ghala la ngozi.

"Hodi kwa Bwana Fisi!"

"Karibu, mama. Pole na msiba. Ngozi ninayo, tena nzuri. Ila kila wimbo uanze na jina langu, uishe na jina langu."

"Hata wimbo wa kumuaga marehemu?"

"Huo hasa! Msibani ndiko watu hujaa."

Bi Digidigi akamtazama taratibu. "Ahsante, bwana. Ngozi yako ibaki na jina lako." Akaondoka.

Akaenda, akaenda, akaenda, akafika kwa Tembo.

"Hodi kwa Mzee Tembo!"

"Karibu, binti yangu. Ngozi nitatoa. Ila ngoma ikae barazani kwangu, wageni waitazame."

"Na kupigwa je, mzee?"

"Ipigwe tena? Si itachakaa!"

"Ahsante, mzee." Akaondoka.

Akaenda, akaenda, akaenda, akafika mtoni kwa Mamba.

"Hodi kwa Bwana Mamba!"

"Ombi lako zuri sana, bibi. Rudi mvua zikikatika."

Mvua zikakatika, akarudi. "Rudi mto ukipungua." Mto ukapungua, akarudi. Mamba akapiga miayo. "Ah, ndiwe? Rudi mvua zikianza."

Bi Digidigi akarudi Mikwajuni mikono mitupu. Wenzake wakamlaki kwa manung'uniko.

"Ungekubali tu kumsifu Fisi," akasema Ngedere, aliyepiga kayamba. "Ulimi hauchubuki."

"Ulimi wako, Ngedere, au wangu?"

Ngedere akashika kayamba, akaondoka.

Asubuhi Bi Digidigi akaenda kisimani. Akamkuta Bi Kanga na wanawe wakichota maji.

"Shoga," akasema Bi Kanga, "mbona siku hizi kimya? Wanangu wananiuliza ngoma iko wapi. Nawaambia imekufa na mwenyewe."

Bi Digidigi akatua mtungi wake. "Hamjui kama imepasuka?"

"Tungejuaje? Siku ile tulisikia imenyamaza tu, kisha mkaifunika!"

Hapo moyo wake ukafunguka. Mlango wa Fisi ameubisha, wa Tembo ameubisha, wa Mamba ameubisha mpaka ukalainika. Mlango wa mcheza ngoma hakuubisha hata mmoja.

Akarudi mbio, akauondoa mkeka.

"Bi Digidigi, aibu!" akalia Ngedere.

"Aibu ni kuiacha ife kwa kuificha. Shika upande huo, tubebe."

Wakaibeba hadi kisimani, tundu lake likitazama mbingu. Hakuwa na ngozi ya kupiga, akagonga ubao kwa kijiti, ko, ko, ko, akaimba:

*Ngoma yetu ina tundu,*
*uliyecheza njoo,*
*uliyelia njoo.*

Wakaja. Panya akasema, "Vigingi nitachonga mimi, meno ninayo." Bi Kanga akasema, "Maji ya kulowekea ngozi yatatoka kwangu." Lakini ngozi yenyewe hakuwa nayo mtu.

Akaimba tena. Wakaja wengine, bila ngozi.

Akaimba mara ya tatu. Akaja Nyati mzee, polepole, na kitu begani.

"Shemeji," akasema, "ngozi hii ni ya ndugu yangu. Alipokufa aliniachia, nami nailalia. Yeye hakukosa ngoma yenu hata mara moja. Ichukueni."

"Na sharti lako, shemeji?"

"Sharti gani? Iwambeni."

Bi Digidigi akapiga magoti, akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru Nyati. "Hukuomba, nami nakupa. Tutakapomtaja mume wangu, ndugu yako atatajwa naye."

Nyati akageuza uso, akafuta macho.

Wakailoweka, wakaiwamba, wakaianika. Na wakapatana wote pale kisimani: kila nyumba, zamu kwa zamu, italeta kuni za kupashia ngoma, ili isiwe ya mkubwa mmoja na isilale tena.

Siku ya siku ikafika. Wakaipasha motoni hadi ngozi ikakaza. Bi Digidigi akapiga mara moja kwa Mungu, mara ya pili kwa mumewe, mara ya tatu kwa ndugu wa Nyati. Nchi ikaitikia. Jamvi la kilio likakunjwa, naye akainuka akacheza huku akipiga, machozi na kicheko pamoja.

Katikati ya mchezo Fisi akatokea. "Jina langu mbona silisikii?"

"Leta kuni, Bwana Fisi," akajibu Bi Digidigi bila kuacha kupiga. "Wa kuni tunawataja."

Fisi akaenda, akarudi na kijiti kimoja. Wakamtaja mara moja, kwa sauti ya kijiti kimoja.

Basi, ndugu zangu, mwenye kikundi na atafute msaada, ila aanze kwa wale wanaocheza naye. Awaonyeshe tundu, wapate cha kuziba.

Hadithi yangu imekunjwa kama jamvi lile. Na wewe uliyecheka mno habari za Fisi, moto wetu unafifia: kuni zako ziko wapi?