Kibuyu cha Hatua Sabini

Kitu kikiingia mvunguni mwa kitanda, hakitoki kwa kuitwa. Mwenye shida nacho, awe tajiri au maskini, hupiga magoti akakitafuta. Ndiyo maana wahenga wakasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengi wetu methali hiyo tunaijua kwa mdomo tu. Maduhu wa Ngulyati aliijua kwa mgongo wake.

Maduhu alikuwa hodari wa kulenga shabaha kwa upinde, na tena ndiye aliyekuwa mtunza kibuyu. Kila mwaka, msimu wa pamba ukielekea ukingoni, alikitundika kibuyu kwenye tawi la mkwaju, kisha akahesabu hatua sabini hadi mstari wa walengaji. Kila mtu alipewa mishale mitatu. Aliyekosa yote hakuruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa desturi ya pale aliwaokotea wenzake mishale hadi jua lizame, huku watazamaji wakimwita Mwokota Mishale. Maduhu aliipenda desturi hiyo kama mboni ya jicho lake.

"Upinde si mchezo wa kitoto," alizoea kusema. "Asiyeweza na aone haya, ndipo atajifunza."

Waliona haya kweli, ila hawakujifunza. Walikwenda zao na hawakurudi. Mwaka uliopita walikuja wageni wanane, akiwemo Generoza, mama wa makamo aliyezoea kufukuza ndege kwenye mpunga wake kwa upinde. Wote wanane waliishia kuokota mishale. Sasa walikuwa wamebaki walengaji watano, wote wenye mvi. Mtendaji wa kata, alipokuwa akipanga siku ya michezo, alimwambia Maduhu bila kumficha.

"Mzee, mchezo wenye watu chini ya kumi siuweki kwenye ratiba. Una wiki mbili. Mkipungua, nafasi yenu nawapa wavuta kamba."

Maneno hayo yalimchoma Maduhu hadi kwenye mfupa. Aliapa moyoni kwamba upinde hautafia mikononi mwake.

Kwanza akafanya kosa. Alikisogeza kibuyu hadi hatua ishirini, akatangaza watu waje kujaribu. Mayala, bingwa wa mwaka uliopita, alikipiga mara kumi mfululizo, kisha akalegeza uzi wa upinde wake.

"Maduhu, hii ni sawa na kumlenga kuku aliyefungwa kamba. Kikibaki hapo, mimi simo."

Akaondoka, na wenzake watatu wakamfuata. Wageni nao hawakutokea hata mmoja. Maduhu akawa amekosa mwana na maji ya moto.

Alijua fika ni nani wa kumwendea. Wale wageni wengine wote walikuja kwa kumfuata Generoza, na waliacha kwa sababu yeye aliacha. Lakini mzee mzima kwenda kumbembeleza mtu ambaye yeye mwenyewe alimcheka hadharani? Siku tatu aliahirisha safari hiyo. Siku ya nne akaenda.

Alimkuta shambani akichuma pamba.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, Baba Shija. Mhola? Kwema?"

"Mhola."

Generoza hakusimamisha mikono. Maduhu alisubiri akaribishwe kivulini, hakukaribishwa. Akaelewa. Akashika mstari wa jirani, akainama, akaanza kuchuma naye. Mgongo ulimlalamikia kabla hajafika katikati ya shamba, lakini hakuinuka.

"Mwaka jana tulikuaibisha," alisema hatimaye. "Na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nilikosea. Naomba urudi, na wenzako uwaite."

"Nirudi nikaokote mishale?"

"Hapana. Lakini nikikisogeza kibuyu, wakongwe wanaondoka. Nikikirudisha, ninyi hamji. Nifanyeje, mayu?"

Generoza aliweka pamba kwenye gunia. "Mwanao Shija ulimwanzishia kuchunga ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe? Alianza na ndama, nyuma ya nyumba. Alipowaweza nikampa mbuzi. Ng'ombe walikuja baadaye."

"Na ulipompa ndama, wale ng'ombe uliwakata pembe?"

"Niwakate pembe za nini?"

"Basi kibuyu nacho kiache kwenye mkwaju wake. Watu ndio watembee."

Maduhu alichuma gunia zima siku ile. Kesho yake alikitundika kibuyu upya mkwajuni, akachora mistari sita, kuanzia hatua ishirini hadi sabini. Kila mtu, bingwa na mgeni, angeanzia ishirini. Akipiga, arudi nyuma mstari mmoja. Akikosa, akaokote mshale wake mwenyewe, ajaribu tena. Akikosa mara tatu kwenye mstari mmoja, safari yake iishie hapo. Mayala aliposikia kuwa sabini bado ipo, alinung'unika kidogo, kisha akaahidi kuja.

Siku ya michezo mtendaji aliwahesabu kwa kidole: kumi na watatu. Wakongwe wote watano walikuwepo, na wageni wote wanane. Generoza alisimama mbele yao, ametulia, lakini wenzake walijibanza nyuma yake.

Maduhu alitangulia. Alivuta uzi kwa mkono uliozoea hatua sabini, akaachia. Mshale ukapita juu ya kibuyu, ukaangukia nyasini huko mbali. Mtunza kibuyu alikuwa amekosa akiwa kwenye mstari wa hatua ishirini.

Uso ulimwaka kwa aibu. Angeweza kusingizia upepo, na Mayala angemuunga mkono. Badala yake alitembea mbele ya macho ya kata nzima, akainama, akauokota mshale wake.

"Karibu, Mwokota Mishale," Generoza alimwambia aliporudi.

"Asante, mayu. Nimefika."

Watu wakacheka, naye akacheka nao, na wageni wakasogea mbele. Mara ya pili Maduhu alipiga.

Jioni Mayala alishinda kwenye mstari wa sabini, jasho likimtiririka kama miaka yote. Generoza aliishia hamsini, na kabla hajaulizwa alisema mwakani anautaka wa sitini. Mtendaji akauandika upinde kwenye ratiba ya mwaka unaofuata. Maduhu alikitungua kibuyu taratibu, maana mgongo ulikuwa bado unamuuma kwa ile pamba, na hakujutia hata punje. Mchezo alioutaka ulikuwa umepona, naye alikuwa ameufuata ulipokuwa: mtaka cha mvunguni sharti ainame.