Mawe Yaliyoshushwa na Barafu

Hapo zamani, chini ya mlima wenye barafu kileleni, aliishi mjane aitwaye Kavira. Alichekecha changarawe ya mtoni akitafuta dhahabu. Dhahabu aliipata kidogo, lakini kila karai lilimwachia punje nyekundu kama mbegu za komamanga. Alizitupa.

Siku moja akapita Katembo, mtu aliyesomea miamba. Akaokota punje moja, akaitazama juani, akairudisha haraka mno. Kavira akaiona ile haraka.

"Kaka, umeona nini?"

"Si kitu, mama."

"Si kitu, na umeirudisha mbio hivyo?"

Katembo akashindwa kuficha. "Punje hizi hukaa mwamba mmoja na almasi."

"Basi niupande mto."

"Mto utakupoteza. Hazikuletwa na maji. Zamani barafu ilishuka hadi huku, ikisaga miamba na kuburuta kifusi chake. Tukijua ilipopita, tutaufikia mwamba wenyewe. Njia hiyo siijui."

Aliyeijua ni Paluku, shemeji yake Kavira, mwindaji wa huko juu. Aliwahi kuona majabali yenye michirizi mirefu iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja. Alikataa kuyaonyesha mpaka wote watatu walipoapa mbele ya mwami, mtawala wao, kwamba hakuna atakayepanda peke yake. Wakaapa. Lakini hakuna aliyemwamini mwenzake.

Wakapanda wakifuata michirizi. Kila walipotua, Kavira alichekecha udongo. Punje zikaongezeka, zikawa na ncha kali kwa kuwa hazikuburutwa mbali. Walipovuka kilima kimoja, zikatoweka ghafla.

"Tumeupita," Kavira akasema. "Mwamba uko nyuma yetu, chini ya kifusi."

Wakarudi kilimani, wakachimba. Shimo lilipokuwa refu, Katembo akataka kushuka; Paluku akakataa. Paluku akataka kushuka, Katembo akakataa. Wakamshusha Kavira kwa kamba. Alijua hakuchaguliwa kwa kuaminiwa. Alichaguliwa kwa kuwa ni rahisi kumpekua.

Chini akakuta mwamba wa kijivu, na ndani yake kitu kikimetameta. Akakibandua, akakifumbata.

"Nimeipata!"

Hapo ukuta wa shimo ukaporomoka. Kifusi kikamfunika hadi kifuani.

"Shemeji, shika kamba kwa mikono miwili!" Paluku akapiga kelele.

Kavira akashika kwa mkono mmoja. Ukateleza.

"Tupa jiwe juu kwanza!" akasema Katembo.

"Nikilitupa, mtanivuta?"

Kavira akakaza ngumi. Huko juu akawasikia wakibishana.

"Shuka ukamfukue, ni shemeji yako."

"Ili wewe ubaki na kamba? Shuka wewe!"

Udongo ukaporomoka tena, na Kavira akasikia mguu wake ukivunjika. Alipiga ukelele ambao hakujua anao. Ndipo wale wawili wakafunga kamba kwenye jabali lililokuwa pale pale tangu asubuhi, wakashuka pamoja, wakamfukua kwa kucha. Walikuwa hawajaliona jabali lile kwa kutazamana.

Kavira akatoka hai, almasi mkononi. Mguu haukunyooka tena.

Wakafika kwa mwami. Kwa desturi ya nchi ile, kilima kipya chenye mali hupewa mtu mmoja tu.

"Bila mimi," Katembo akasema, "punje zile zingekuwa bado zinatupwa mtoni."

"Bila mimi," akasema Paluku, "mngekuwa bado mnazunguka bondeni. Tena kamba niliifunga mimi."

"Uliifunga baada ya nini, shemeji?" akauliza Kavira. "Mimi niliziona punje, nikajua tumepita, nikaingia shimoni. Mwami, tazama mguu wangu."

"Uliambiwa ushike kwa mikono miwili," Katembo akamjibu, macho chini. "Hukutuamini."

"Nilikosea kutowaamini?"

Mwami akawatazama mmoja mmoja, kisha akawageukia watu waliojaa uani.

Nanyi mnaonisikiliza, jihesabuni miongoni mwao. Kilima ni kimoja, na mguu haurudi. Je, nani alistahili kilima, na nani aujibie mguu wa Kavira?