Aliyeruka Kabla ya Mkalimani

Mzee Kombo alikuwa akinoa msumeno kwa tupa. Wajukuu zake, Mwanahawa na Tuma, waliushika kila mmoja upande wake. Tangu asubuhi walikuwa wamenuniana.

"Babu, mwambie Tuma aushike vizuri," alisema Mwanahawa.

Kabla babu hajafungua kinywa, Tuma alikwishakaza mkono.

"Aliyeruka kabla ya mkalimani hahitaji mkalimani," alisema babu.

"Umeitoa wapi methali hiyo?" aliuliza Mwanahawa.

"Ilianzia kwenye shimo la kupasulia mbao, kule Korogwe."

Enzi hizo wapasuaji wawili wa Kihindi walifanya kazi huko: Girdhari alisimama juu ya gogo, Bundu shimoni, msumeno ukipanda na kushuka baina yao. Wote walitoka mtaa mmoja huko Bara Hindi. Lugha yao watu waliiita Kihindustani. Wenyewe waliizungumza tu. Kisha zikaja habari kwamba kwao nchi imegawanyika. Girdhari akasema yeye huzungumza Kihindi. Bundu akasema lugha yake ni Kiurdu. Mmoja akaanza kuchota maneno ya Kisanskriti, mwingine ya Kiajemi. Kila mmoja aliandika jina la mti kwenye gogo kwa chaki, Girdhari kutoka kushoto, Bundu kutoka kulia. Waliposoma, sauti ilikuwa ileile. Hata hivyo wakaacha kusemeshana.

Kombo, wakati huo kijana na mpasuaji mwenzao, aliyejifunza lugha yao utotoni kwa kucheza na watoto wa Kihindi, akatolewa kwenye kazi ya kupigilia kabari za kutanua mpasuo, akawa mkalimani.

"Mwambie avute polepole," alisema Girdhari.

Kombo akainama shimoni, akarudia maneno yaleyale, bila kubadili hata moja.

"Sasa nimeelewa," alijibu Bundu. "Wewe ndiye unayejua Kiurdu."

Siku moja, baada ya mvua, ukingo wa shimo ulimeguka. Gogo likaanza kubingirika.

"Bundu, bhago!" Girdhari alipiga kelele, yaani kimbia.

Bundu akaruka nje. Gogo likatua pale alipokuwa amesimama.

"Mimi sijafasiri bado," alisema Kombo.

"Ndugu yangu, ningekungoja wewe, sasa hivi ningekuwa ubao."

Girdhari alikaa chini. "Nilikuita kwa Kihindi."

"Mimi nilisikia Kiurdu," alijibu Bundu, akaketi karibu naye.

Hapo ndipo Kombo alipotamka maneno yale. Majina mawili ya lugha yalibaki, na chaki iliendelea kwenda kushoto na kulia. Yeye akarudi kwenye kabari.

Babu alipomaliza kusimulia, jua lilikuwa limezama, na nusu ya meno ya msumeno ilikuwa bado butu.

"Babu, mwambie Tuma…" Mwanahawa akasita. "Tuma, kesho tumalizie?"

"Ushike vizuri lakini," alisema Tuma.

Babu akaifunga tupa kitambaani. Aliyeruka kabla ya mkalimani hahitaji mkalimani.