Saa ya Kuthibitisha Chuo

Jumatano, tarehe nne Septemba, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Hapo zamani zisizo mbali, saa hiyo ilibadilisha mambo nyumbani kwa Chande, kijijini Namkonda.

Somoe, binti aliyelelewa hapo, alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili. Kimoja cha ukunga, pale wilayani. Waliomaliza walirudishwa zahanati za kwao. Namkonda zahanati ilikuwepo, mkunga hakuna. Kingine chuo kikuu cha mjini, cha kwanza kwenye orodha ya vyuo bora. Huko walimpa nafasi ya kusoma takwimu. Ilibaki kuthibitisha kimoja kwa simu, mwisho saa kumi na mbili.

Somoe aliutaka ukunga, tangu mama yake alipofia uzazini.

"Namba moja inakuita, wewe unaililia ya arobaini?" alisema Chande, baba mdogo aliyemlea yeye na dada yake. "Msikitini nitawaambia nini?"

Mwalimu Nandonde, aliyeitwa kushauri, alisoma orodha. Hakumuuliza Somoe anataka kuwa nani. "Cha kwanza ni cha kwanza, binti."

"Sema, mdogo wangu," dada yake Tabia alimnong'oneza.

Somoe aliogopa. Akathibitisha chuo kikuu.

Miaka mitatu ikapita, akarudi na shahada, akawa anangoja kazi. Masika yakaingia, barabara ikakatika, na Tabia, aliyekuwa mjamzito, akashikwa na uchungu. Wakampeleka zahanati, ambako mkunga bado hakuna. Mtoto akatoka salama, lakini damu haikukatika. Somoe alibana khanga kwa mikono miwili, asijue kama anabana panapotakiwa. Khanga ililowa. Akachukua ya pili. Nayo ikalowa.

"Fanya kitu, mdogo wangu," alisema Tabia, sauti ikififia.

Somoe hakujua la kufanya. Ile hofu ya siku ya kuthibitisha chuo, sasa aliiona ndogo.

Baada ya maziko, Chande alisema, "Kosa langu. Nilitaka sifa, nikamziba mdomo."

Mwalimu akasema, "Langu. Yeye mzee hakusoma. Mimi nimesoma, nikatazama orodha, sikumtazama mtoto."

Somoe, kichanga kifuani, akasema, "Simu ilikuwa mkononi mwangu. Dada aliniambia niseme."

Watatu hao, kila mmoja anajitwika kosa. Je, wewe unayesikiliza, lawama ungemtwisha nani?

Nasi tuseme: Ewe Mola, mrehemu Tabia binti Mfaume, lipanue kaburi lake, umpe nuru humo. Amina.