Mwashi Aliyegonga Kuta

Wametuhadithia waliotutangulia katika imani kwamba zama za kale, katika mji mmoja wa Sham, palikuwa na mtu aitwaye Malkhu, ambaye kwa miaka mitatu alilala barazani mwa kanisa, masika na kiangazi. Waumini walimzoea. Kila Jumapili walimpa mkate na kumwombea, kisha wakaruka miguu yake wakirudi makwao.

Palikuwa pia na mjane mcha Mungu, Shamuni, mfuma sufu. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya waumini akasema, "Mkate tumempa vya kutosha. Sasa tumpe mahali pa kukaa."

Kando ya kanisa palikuwa na chumba kitupu, kilichopakana na hazina walimoweka vyombo vitakatifu. Wakakifagia, wakatandika mkeka, wakamkabidhi Malkhu ufunguo. Wakamshukuru Mungu kwa kazi iliyokamilika, wakaenda zao.

Haikupita juma moja, minong'ono ikaanza. Mzee Zakai, mtunza vyombo, ndiye aliyeona kwanza. Malkhu alikuwa akipita ukutani taratibu, akigonga kwa kidole, akitega sikio, kisha akisogea hatua moja na kugonga tena. Alikodumu zaidi ni upande wa hazina. Na kila asubuhi alikutwa amelala nje vumbini, mkeka wake haujaguswa.

"Mtu apewe chumba, kisha alale nje?" Zakai aliwauliza wenzake. "Huyo anatafuta pale ukuta ulipo dhaifu. Na huko nje anangoja wenziwe."

Hapo watu wakakumbuka kwamba hakuna aliyejua atokako. Mmoja akasema mikono yake ni ya mtu aliyezoea kubomoa. Malkhu naye aliona macho yanavyomfuata, akaacha kuitikia salamu, na hilo likazidisha shaka.

Shamuni alimtetea, lakini moyoni hakuwa ametulia. Siku moja, baada ya kumpelekea mchuzi wa dengu, alirudi nyumbani akaifungia sufu yake sandukuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afiwe na mumewe.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Malkhu aliitwa mbele ya kasisi. Zakai akaeleza aliyoyaona. Kasisi akauliza, "Ndugu, una la kusema?"

Malkhu akainama, asiseme neno. Watu wakakihesabu kimya kile kuwa ni kukiri, wakaanza kusema arudishe ufunguo.

Ndipo Shamuni akainuka. "Ndugu Malkhu, mbele ya Mungu sitajifanya mwema. Mimi pia nimekushuku. Juzi nilipotoka kwako nilikwenda kufunga sanduku langu. Nimekudhania wizi, na sijawahi kukuuliza hata neno moja. Unisamehe. Sasa nakuuliza: kwa nini unagonga kuta?"

Malkhu alimtazama kama anayepima iwapo swali lile lina mtego.

"Nilikuwa mwashi, mama," akasema hatimaye. "Nyumba yangu niliijenga mwenyewe. Ardhi ilipotetemeka, nyumba za majirani zilisimama, yangu ikaanguka. Mke wangu na binti zangu wawili walikuwa ndani. Mimi nilikuwa uani."

Akaendelea: "Nikiingia chini ya paa sipati pumzi. Nagonga nijue kama ukuta utasimama. Ule wa hazina ndio mnene kuliko zote. Kila siku najaribu kulala karibu nao. Sijaweza."

Kasisi akauliza kwa upole, "Mbona hukutuambia?"

"Mlinipa ufunguo, baba, mkaenda."

"Unahitaji nini?"

"Mlango usifungwe. Na mtu akae nami humo ndani, hata kidogo tu kila siku, mpaka nizoee."

Wakapangiana zamu. Wa kwanza kujitolea alikuwa Zakai, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba hakwenda kumfariji bali kumchunga, kwa kuwa alijua kisa cha huzuni hakimshindi mtu kutunga. Alikaa ameegemea ukuta wa hazina, haneni, jicho halimwondoki mwenziwe. Siku ya nne, mchana wa jua kali, usingizi ukamshinda mzee. Alipozinduka alimwona Malkhu amelala hatua mbili kutoka mlangoni, ndani, chini ya paa, uso umelowa jasho. Zakai hakujitikisa. Alikaa vile vile, mguu umekufa ganzi, mpaka yule mtu alipoamka mwenyewe.

Ulipita karibu mwaka mzima kabla Malkhu hajaweza kulala peke yake, na zamu haikukatika hata siku moja.

Wapendwa, wapo tunaowasaidia huku tukiwaogopa, na hofu hiyo tunaificha chini ya sadaka. Shamuni aliitoa yake hadharani, na ndipo mtu yule alipopata kusema. Mwenyezi Mungu atujalie ukweli kama wake, na subira ya kukaa na wenzetu mpaka wapate usingizi.